Sefaria: maktaba iliyonifikisha kwa walimu wa Rabi Akiva

Sefaria ni maktaba ya mtandaoni, yenye pia programu ya simu, iliyokusanya maandiko ya Kiyahudi katika Kiebrania na Kiaramu, mengi yakiwa na tafsiri ya Kiingereza. Kusoma ni bure, wala huhitaji kujisajili. Niliitumia kwa haja moja: kujua ni nani waliomsomesha Rabi Akiva, mwanachuoni aliyeuawa na Warumi katika zama za uasi wa Bar Kokhba, yaani uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi ulioanza mwaka 132.

Habari zake zimetawanyika katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya sheria na visa vya marabi wa kale, na hapo ndipo maktaba hii inapofaa mno, kwa kuwa ukigusa sentensi yoyote, pembeni hufunguka fafanuzi za wanazuoni wa baadaye pamoja na maandiko mengine yanayohusiana nayo. Katika Ketubot 62b (jina la kitabu kimojawapo cha Talmudi na namba ya ukurasa wake) Akiva ni mchungaji wa mifugo ya tajiri Kalba Savua, na binti wa tajiri huyo anakubali kuolewa naye kwa sharti kwamba aende kusoma. Hagigah 12a inasema alimtumikia Nahum wa Gimzo kwa miaka 22, akijifunza kufasiri hata neno “et”, kijineno cha Kiebrania ambacho kwa kawaida hakitafsiriki.

Mwalimu aliyenigusa zaidi ni Rabi Eliezer ben Hyrcanus. Wenzake walipomtenga kwa kukataa uamuzi wa walio wengi (Bava Metzia 59b), Akiva alijitolea kumpelekea habari hiyo nzito, asije akaipeleka mtu asiyefaa. Akavaa nguo nyeusi, akaketi umbali wa dhiraa nne, akamwambia kwa upole kwamba anaona wenzake wanajitenga naye. Sijasoma mahali pengine mwanafunzi akimstahi mwalimu wake kiasi hicho katika saa ngumu namna ile.

Tafsiri ya Talmudi iliyomo, inayotokana na kazi ya Rabi Adin Steinsaltz, huyaweka maneno ya matini yenyewe katika herufi nzito na maelezo katika herufi za kawaida. Mpangilio huo nauthamini sana, hasa katika Sanhedrin 68a, ambapo Akiva anakutana na jeneza la Eliezer njiani kati ya Kaisaria na Lod, anajipiga hadi damu inatiririka, kisha analia kwamba anazo sarafu nyingi lakini hana mvunja fedha wa kumpelekea, yaani ana maswali mengi lakini hana tena wa kumjibu. Maneno hayo ya sarafu yamo katika herufi nzito.