Pia mbili za kusokotea uzi kutoka kwa fundi mmoja: moja naisifu, nyingine naivumilia

Pia ya kusokotea ni kijiti chenye kisahani cha kukipa uzito; huning'inia kwenye uzi na kuzunguka ili kuusokota. Ile niliyoanza nayo ilikuwa kijiti kilichochomekwa katikati ya sidii kuukuu. Uzi ilinipa, raha haikunipa. Sidii ina upana wa milimita 120 na uzito wa gramu kama 15 tu, kwa hiyo ukivuta sufu nene kidogo inalemewa na kusimama, na kile kipande cha mpira kinachoishikilia hulegea kila mara. Nikaamua kuagiza pia za mbao kwa fundi anayekereza kwa mkono, mbili kwa mpigo: moja ya gramu 24 yenye kisahani juu, nyingine ya gramu 60 yenye kisahani chini. Nimezitumia vya kutosha sasa kuzisema nilivyoziona.

Nianze na ile nyepesi, maana ndiyo haitoki mkononi. Kisahani chake ni cha mzeituni, na fundi amekichimba katikati kikawa chembamba, akaacha ukingo mnene. Wengi wanaotazama picha hudhani ni nakshi. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Uzito ukiwa mbali na kijiti, pia hukawia kuchoka: gramu ileile ukiisogeza mara mbili mbali na katikati, nguvu inayohitajika kuizungusha au kuisimamisha huwa mara nne. Nikiizungusha kwa vidole mara moja tu, navuta sufu mpaka pia ikaribie sakafu, na bado inazunguka. Ile ya sidii ilikuwa ikisimama njiani, kisha inaanza kurudi kinyume na kufumua msokoto wote niliokwisha kuutia.

Ndiyo maana nachoka na wauzaji wanaotaja gramu peke yake. Pia mbili za gramu 30 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, moja ya mbio fupi na nyingine ya mwendo mrefu. Ukinunua bila kuishika, omba picha ya kisahani kikiwa ubavuni uone unene umekaa wapi.

Jambo la pili ni utulivu. Niliining'iniza kwa kipande cha uzi, nikaizungusha, nikakodolea macho ncha ya chini ya kijiti. Haikuchora duara, ilikaa pale pale. Hili si jambo dogo kwa mbao. Mti unapokauka hausinyai sawasawa pande zote. Kwa kawaida husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata mzingo wa pete zake kuliko kutoka moyoni kwenda gandani. Kisahani kilichokerezwa kutoka mbao mbichi kitakufikia kikiwa duara, na baada ya muda kitakuwa na umbo la yai. Fundi huyu anasema hukereza mara ya kwanza kwa unene, anaacha mbao zitulie, ndipo anamalizia. Kwa jinsi pia yangu inavyozunguka hadi leo, namwamini.

Kulabu ni ya waya wa shaba nyeupe, na kilele cha upinde wake kimekaa juu ya katikati ya kijiti kabisa. Wanaonunua kwa mara ya kwanza huchunguza mbao na kusahau kulabu, na wafundi wengine nao huifanyia haraka. Ikikaa pembeni kidogo tu, pia itayumba hata kama kisahani kimepimwa vizuri namna gani. Ncha ya waya ilikuwa kali ikinasa nyuzinyuzi, nikaisugua kwa msasa mlaini. Ukingoni kuna vipengo viwili vya kupitishia uzi, vimetazamana, ili kukata upande mmoja kusiharibu mizani ya upande wa pili. Fundi aliyefikiria hilo alishawahi kusokota mwenyewe, au alimsikiliza msokotaji.

Sasa ile nzito. Kisahani ni cha mpingo, cheusi, kinang'aa, na kila anayeingia nyumbani huishika hiyo kwanza. Tatizo ni kwamba mpingo ni mti mzito mno, ukiutia majini unazama. Ili kufikisha gramu 60 fundi alihitaji kipande kidogo tu, na uzito wote ukajikusanya karibu na kijiti. Matokeo yake inaanza kwa kasi ya ajabu na kuzima upesi. Kasi fupi ya namna hiyo inafaa uzi mwembamba unaotaka msokoto mwingi, lakini uzi mwembamba ukitundikwa gramu 60 unakatika. Kwa hiyo nina pia yenye kasi ya uzi mwembamba na uzito wa uzi mnene. Inaingia akilini kweli? Fundi aliuchagua mti kwa macho, akasahau kazi.

Naitumia kuunganisha nyuzi mbili kuwa moja, nikizungusha kinyume cha upande niliosokotea kwanza. Hapo uzi una nguvu, unaubeba ule uzito bila manung'uniko, ila narudia kuizungusha mara nyingi kuliko ningependa. Halafu kijiti chake kilipakwa vanishi ya kuteleza. Pia yenye kisahani chini na isiyo na kulabu hutegemea kitanzi unachofunga juu ya kijiti, na kitanzi juu ya vanishi hufyatuka, pia ikaanguka. Niliikwangua vanishi sehemu ya juu, nikapaka nta ya nyuki kidogo, ikatulia.

Maelezo ya muuzaji yalisema pia zote mbili zinafaa "sufu, pamba na hariri". Kwa anayeanza, pamba iondoe hapo. Nyuzinyuzi za pamba ya kawaida zina urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi, na zinapobeba pia inayoning'inia kabla msokoto haujakolea, zinaachana. Pamba inataka pia nyepesi sana, au ile ndogo inayozungushwa ncha yake ikiwa ndani ya kibakuli, uzi usibebe kitu. Ukiwa mgeni wa kazi hii, chukua sufu yenye nywele za sentimita 8 hadi 10, na pia ya gramu 35 hadi 45. Hii yangu ya 24 itakusumbua mwanzoni kwa sababu inadai mkono mwepesi.

Kumbuka vilevile kwamba uzi unaojikusanya kwenye kijiti ni uzito. Gramu 24 za mbao na gramu 20 za uzi ni pia ya gramu 44, na uzi uliokuwa ukistahimili asubuhi utaanza kukatika jioni. Naviringa nikibana karibu na kisahani, nene upande huo na nyembamba kuelekea upande wa pili, na nikiona unaanza kukatika navua.

Kuna wanaoniambia kijiti na kisahani ni kitu cha kuchezea mpaka ununue gurudumu la kusokotea. Kitani kilichozungushiwa maiti za Wamisri wa kale, kingine laini kiasi cha kupitisha mwanga, kilisokotwa kwa pia za mkono, gurudumu halijajulikana.

Nimemrejea fundi yuleyule. Safari hii nimetaka gramu 60 zilezile, lakini kisahani kiwe kipana, cha mti mwepesi, chenye pete ya shaba ukingoni, na kijiti kisiguswe na vanishi. Ya mpingo hataki kuipokea irudi, na sina ugomvi naye juu ya hilo.