Kivumbasi cha Pangani, Muheza na Lushoto: chupa tatu, harufu tatu

Nimezitumia chupa hizi za mafuta ya kivumbasi kwa miezi minne. Zinatoka kwa mkenekaji mdogo, yaani mtu anayetoa mafuta ya majani kwa mvuke, wa hapa Tanga mjini, kila moja mililita 10, kioo cha kahawia, shilingi 12,000. Kilichonivuta ni kibandiko: hakikuandikwa "mafuta ya kivumbasi" tu, kimetaja na majani yalikochumwa. Moja Pangani, moja Muheza, moja Lushoto. Natamani kila mkenekaji afanye hivyo, maana anayenunua kivumbasi bila kujua kimetoka wapi ananunua jina tu.

Chupa ya Pangani, ya majani ya porini karibu na ufuko, inanukia karafuu waziwazi. Hiyo ni yujenoli, kemikali ile ile inayotawala mafuta ya karafuu. Ya Muheza ni kali, inakaribia dawa ya kusukutua mdomo. Hapo nasikia thaimoli, kemikali nyingine ya harufu. Ocimum gratissimum, yaani kivumbasi chenye majani mapana, kina koo mbalimbali, yaani nasaba. Ukiitazama miche miwili hutaona tofauti ya jani wala ua, lakini mmoja hutengeneza yujenoli na mwenzake thaimoli, na tabia hiyo hurithiwa. Kwa hiyo kuchukua mche wa Muheza na kuupanda Pangani hakutakupa harufu ya karafuu. Udongo, jua na mvua hupandisha au kushusha viwango, ukoo haviubadilishi.

Chupa ya Lushoto ni kafuri tupu, na hapa simwungi mkono muuzaji. Naamini huo ni mmea mwingine kabisa, Ocimum kilimandscharicum, wenye jani dogo la kijivujivu lenye vinyweleo, ambao nao watu huuita kivumbasi. Jina la kitaalamu lingekaa kwenye kibandiko, mkanganyiko ungekwisha.

Niliponunua chupa ya Pangani mara ya pili, karafuu ilikuwa imepungua. Mkenekaji alinijibu bila kuficha: safari ile majani yalikatwa jioni. Inaingia akilini. Huko Brazili mmea huu ulipimwa saa mbalimbali za siku, yujenoli ikaonekana juu sana adhuhuri na chini sana kuelekea jioni. Muda wa kukeneka nao una neno lake, kwa kuwa mafuta yanayotangulia kutoka na mvuke si sawa na yanayofuata. Ukizima moto mapema ili kuokoa kuni, unapata mafuta pungufu na yenye mchanganyiko mwingine. Basi mwezi, saa ya kukata na muda wa kukeneka viandikwe pia.

Maji yanayobaki baada ya kutenga mafuta mkenekaji anayauza kwa bei ndogo. Yachukue. Yujenoli huyeyuka kidogo majini, takriban gramu 2 kwa lita, ndiyo maana maji ya Pangani yana harufu nzito. Mimi huyatumia kupangusia meza na sakafu. Kwa wanaokeneka wenyewe: mafuta yenye yujenoli nyingi yana uzito unaokaribia wa maji, hivyo hukataa kujitenga na mchanganyiko hubaki mweupe kama tui. Ongeza chumvi ya kawaida, koroga, uache utulie. Maji yakiwa mazito, mafuta hupanda juu.

Kwa ngozi, matone 3 ya Pangani au ya Muheza katika mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha. Yujenoli na thaimoli huchoma, na yujenoli humfanya mtu apate mzio akizidisha. Jaribu kwanza mkononi, ndani ya kiwiko, usubiri siku nzima. Ile ya kafuri usiiache karibu na watoto wadogo hata kidogo. Ikimezwa, kiasi kidogo tu kinaweza kuwatia degedege.

Kasoro kubwa ni kifuniko. Kina mpira wa kunyonyea, na chupa zikilazwa mafuta yanaula: wangu wa Muheza ulilainika na kunata ndani ya wiki sita, mafuta yakageuka rangi. Nimeyahamishia kwenye chupa yenye kifuniko kigumu cha kuzungusha, nayaweka wima kabatini gizani. Ya Pangani nitayanunua tena, yale ya mchana.