Dell yangu ya zamani na SSD mpya: uzoefu wangu

Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010, zile zilizotoka ofisi za ng'ambo zikaletwa kuuzwa mitumba. Ni modeli ya 2012, ina Core i5-3470 na ramu ya giga 8. Kazi zangu ni kadi za harusi, vitabu vya madrasa na barua za watu, na kwa kazi hizo prosesa bado inatosha kabisa. Balaa lilikuwa kungoja. Nikiwasha, nashuka kununua mahamri, narudi, taa ya diski ingali inamulika.

Fundi wa kwanza hata hakuifungua. "Ami, hii imeshazeeka, nikutafutie nyingine." Wa pili akataka kuniongezea ramu. Nikafungua Task Manager, kidirisha cha Windows kinachoonyesha kinachotumika, mbele yake: ramu imetumika nusu, diski iko asilimia 100. Akanyamaza, kisha akakubali kunifungia SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, kwa ufundi wa mia tano.

Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake hukimbia huku na huku kusaka vipande vya faili. Kila kipande hukigharimu milisekunde kama kumi na kitu, na Windows inapoamka huomba maelfu ya vipande vidogo vidogo. SSD haina kinachozunguka, kwa hivyo hakuna cha kusubiri kifike mahali. Faida kubwa iko hapo, ndiyo maana zile megabaiti 540 kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi sikuzijali sana.

Nilichukua ya giga 240 kwa shilingi 3,500. Kama mashine yako ni ya rika hili, usishawishike na zile SSD nyembamba za M.2 zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, bodi hii haina pa kuzichomeka. Chukua ya inchi 2.5 inayounganishwa kwa waya wa SATA, kama diski ya zamani. Tena bodi hii ina soketi mbili tu za SATA za gigabiti 6 kwa sekunde, zilizobaki ni za gigabiti 3, basi mwambie fundi achomeke kwenye ya 6. Na kabla hujalipa, omba ichomekwe na ifunguliwe programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Inaonyesha saa ambazo diski imeshawaka. Ikiwa "mpya" ina maelfu ya saa, mrudishie mwenyewe.

Fundi alitaka kunakili kila kitu kutoka diski ya zamani. Nilikataa. Ile ilikuwa ya giga 500, imejaa takataka za miaka, na kuhamishia takataka nyumba mpya sikuona maana. Tukapiga Windows 10 upya. Leseni haikusumbua, maana imeshikana na bodi, si na diski. Ilipoingia kwenye intaneti ikajitambua yenyewe.

Sasa inawaka chini ya sekunde ishirini. CorelDRAW, programu ninayochorea kadi, ambayo zamani ilinipa nafasi ya kumaliza kikombe cha chai, inafunguka nikiwa bado nimeshika kipanya. Mteja akisimama mlangoni kutaka kurekebishiwa jina la bwana harusi, simwambii tena akae kitako.

Visivyobadilika navyo vipo. Intaneti ni ile ile. Kutengeneza PDF ya kitabu kizima bado ni kazi ya prosesa. Na nikinakili folda kubwa ya picha, mwanzo inakimbia, kisha kasi inashuka sana, jambo la kawaida kwa SSD za bei hii.

Kuna wanaosema ukiwa na SSD hata stima ikikatika huna wasiwasi. Si kweli. Haina kichwa cha kukwaruza sahani, sawa, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika vile vile. UPS yangu, lile boksi la betri la kushikilia mashine stima ikikatika, iko pale pale chini ya meza. Diski ya zamani nimeiacha ndani kwa akiba ya kazi za wateja.

Linalonikuna kichwa ni Windows yenyewe. Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hii haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Nimeshaijaribu Linux Mint, mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, kwa flashi, printa imekubali. CorelDRAW ndiyo haina toleo la Linux, na harusi za Mfungo Mosi zikianza sitaki majaribio. Kwa hivyo kazi za benki na barua pepe nimezihamishia kwenye simu, na hii mashine naiwasha kwa kadi tu.