OpenCore Legacy Patcher kwenye iMac ya 2013: Wi-Fi ilivyopotea na ilivyorudi

Kama umepandisha iMac yako ya zamani hadi macOS Sonoma, mashine imewaka vizuri, mafaili yako yote yapo, halafu ukatazama juu ya skrini na kukuta Wi-Fi haipo au haikubali kuwashwa, soma kwanza haya kabla hujamwita fundi na kabla hujatoa hela dukani. Kwa uwezekano mkubwa kadi yako ni nzima kabisa.

Mashine ninayoizungumzia ni iMac ya inchi 21.5 ya mwishoni mwa 2013, ile yenye chipu ya picha ya Intel Iris Pro, ambayo ndani ya mfumo inajitambulisha kama iMac14,1. Niliinunua mtumba na naitumia kwenye steshenari yangu hapa Morogoro: kuchapa barua, kutengeneza kadi za harusi, kujazia watu fomu za mtandaoni. Kwa kazi hizo bado ina nguvu ya kutosha, na skrini yake sijaona kompyuta ya bei ile inayoifikia. Tatizo ni kwamba kirasmi imeishia macOS Catalina, toleo la 2019. Catalina ilipata marekebisho yake ya mwisho ya usalama mwaka 2022, na tangu 2024 matoleo mapya ya Chrome hayaingii tena humo. Mtu anayeshinda kwenye tovuti za serikali na za benki kwa niaba ya wateja hawezi kukaa na kivinjari kilichoachwa nyuma. Ndiyo maana niliamua kutumia OpenCore Legacy Patcher.

Hii ni programu ya bure, inatengenezwa na watu wanaojitolea chini ya mradi uitwao Dortania. Inafanya kazi mbili tofauti, na ukizitofautisha hizo mbili suala zima la Wi-Fi linaeleweka. Kazi ya kwanza ni kuweka OpenCore kwenye sehemu ndogo ya diski iitwayo EFI. OpenCore inaamka kabla ya macOS, inaufanya mfumo mpya ukubali mashine ambayo haimo kwenye orodha ya Apple, na inapakia mapema draiva kadhaa, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi. Kazi ya pili huja baada ya macOS kuwekwa: programu inabandika viraka ndani ya mfumo wenyewe, yaani inarudisha mafaili ya zamani ambayo Apple imeyaondoa.

Kwenye Sonoma, iliyotoka Septemba 2023, miongoni mwa vilivyoondolewa ni draiva za kadi za Wi-Fi za Broadcom zilizokuwa ndani ya Mac nyingi za zamani. Yangu ni BCM4360. Kwenye Ventura, toleo la mwaka mmoja kabla, kadi hii hii ilikuwa bado inakubaliwa bila kiraka chochote. Ndiyo maana utakutana na mtu mwenye iMac kama yako anakuapia kwamba yeye alipandisha na Wi-Fi haikusumbua hata kidogo. Anasema kweli, ila aliishia Ventura.

Sasa, utajuaje kwamba ni draiva na si kadi? Angalia Bluetooth. Kibodi na kipanya changu visivyo na waya viliendelea kufanya kazi tangu dakika ya kwanza. Kwenye iMac za 2013 Wi-Fi na Bluetooth zimo kwenye kadi moja, BCM94360CD, yenye antena nne: tatu za Wi-Fi, moja ya Bluetooth. Kama Bluetooth inaitika, basi kadi imechomekwa na inapata umeme. Bado upande wa Wi-Fi peke yake unaweza kuwa umeharibika, kwa sababu Wi-Fi hupita njia ya PCIe na Bluetooth hupita njia ya USB, kwa hiyo nikaenda hatua moja zaidi. Nilifungua Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, nikaandika:

ioreg -l | grep "14e4,43a0"

Namba 14e4 ni ya Broadcom, na 43a0 ni ya BCM4360. Mistari yenye namba hizo ikatokea. Maana yake kompyuta inaiona kadi ya Wi-Fi, inajua ni ya nani na ni aina gani, ila haina draiva ya kuiendesha. Kama kwako hakitokei kitu, usikate tamaa haraka, kwa sababu Mac za miaka mingine zina kadi nyingine zenye namba nyingine. Tafuta kwanza kadi ya mashine yako.

Kipimo hiki kiliniokoa. Fundi mmoja alikuwa ameshaniambia kadi imekufa na kwamba afungue mashine aibadilishe. iMac kuanzia zile za mwishoni mwa 2012 hazifunguki kwa kunyofoa kioo kama za kabla yake, ambazo kioo kilishikwa na sumaku. Hizi skrini nzima imegandishwa kwa gundi pembeni kote. Kuifungua ni kuikata gundi ile taratibu kuzunguka skrini, kisha kuweka gundi mpya wakati wa kufunga. Mkono ukiteleza skrini imekwenda, na skrini ndiyo yenye thamani kuliko vyote kwenye mashine hii. Mtu asifungue iMac yako kwa tatizo la draiva.

Kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na Wi-Fi. Kabla ya viraka, madirisha yalikuwa yanasogea kwa kukwamakwama na menyu hazikuwa na ule uangavu wake. Kwenye mashine yenye chipu ya picha ya Intel ya kizazi cha Haswell kama hii, picha nazo zinahitaji kiraka kwenye Sonoma. Kwa hiyo ukiona picha nzito na Wi-Fi haipo kwa pamoja, usihangaike na matatizo mawili. Viraka havijabandikwa kabisa, basi.

Kinachokwamisha watu wengi huku kwetu ni intaneti ya kufanyia matengenezo yenyewe. Programu inataka kuwa mtandaoni: toleo jipya lazima ulipakue, na kwa baadhi ya mashine kuna vifurushi vya ziada ambavyo inavichukua wakati wa kubandika viraka. Na wewe ndiyo kwanza umepoteza Wi-Fi. Nyumba na ofisi nyingi hapa zinaishi kwa hotspot ya simu au kwa mifi ya mfukoni, ambayo haina tundu la kebo. Ukichomeka simu ya Android kwa waya wa USB ukitegemea ikupe bando, Mac haizitambui simu nyingi za namna hiyo, tofauti na Windows. iPhone inatambulika vizuri kwa waya, hivyo kama kuna mtu karibu anayo, mwombe. Vile vidude vya USB vya Wi-Fi vinavyouzwa bei poa madukani mimi sikushauri: vingi havina draiva ya macOS za sasa, na muuzaji anayekuhakikishia kwamba "kinakubali Mac" mara nyingi anazungumzia Mac za miaka mingi iliyopita.

Njia iliyonitoa ni kebo. iMac hii ina tundu la Ethernet nyuma, na draiva yake haijaguswa na mambo haya. Nilimwazima jirani yangu mwenye duka la dawa rauta yake ya laini yenye matundu ya LAN, nikachomeka kebo, na papo hapo nikawa mtandaoni bila kuweka mpangilio wowote. Kama unasoma haya kabla ya kupandisha, tafuta rauta na kebo kwanza, hata ya kuazima, kisha ndipo uguse mfumo. Na kama mashine yako haina tundu la Ethernet kabisa, andaa iPhone au adapta ya USB ya Ethernet ambayo umeshaijaribu na ukaona inafanya kazi.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni fupi, ila mpangilio wake ni muhimu. Fungua OpenCore Legacy Patcher, pakua toleo jipya kabisa, kisha anza na "Build and Install OpenCore". Usiruke hatua hii hata kama OpenCore tayari ipo kwenye diski. Kiraka cha Wi-Fi kina nusu mbili: draiva zinazopakiwa na OpenCore kutoka EFI, na mafaili yanayobandikwa ndani ya macOS. Nusu moja ikiwa ya toleo la zamani na nyingine ya toleo jipya, utabandika viraka, utazima na kuwasha, na Wi-Fi itabaki vilevile. Hakikisha pia unaiweka kwenye diski unayowashia kila siku. Mimi nawashia SSD ya nje kupitia USB 3, kwa sababu ileile ya kutotaka skrini ifunguliwe, kwa hiyo OpenCore lazima ikae kwenye SSD hiyo, isiishie kwenye flashi niliyotumia kufunga mfumo.

Washa upya. Sasa ndipo uingie "Post-Install Root Patch". Programu inakagua mashine na kukuonyesha orodha ya viraka vinavyohitajika. Kwangu iliandika "Graphics: Intel Haswell" na chini yake "Networking: Modern Wireless". Mstari huo wa pili ndio unaoutafuta. Ukiuona, jua programu imeitambua kadi yako na ina dawa yake. Bonyeza "Start Root Patching", weka neno la siri la kompyuta, mistari ya maandishi itapita, mwisho itakuomba kuwasha upya. Baada ya kuwasha, alama ya Wi-Fi ilikuwa juu pale mahali pake, na nilipoibonyeza zikatiririka mitandao ya mtaa mzima, pamoja na ule wa 5 GHz wa rauta ileile ya jirani. AirDrop, ile ya kurushiana mafaili kati ya vifaa vya Apple, kwangu nayo inafanya kazi. Skrini ikawa laini.

Sasa nimeizoea, na maoni yangu ni kwamba programu hii ni kazi nzuri mno. Watu wanaoitengeneza hawalipwi na mimi wala na wewe, na wanaiweka hai mashine ambayo ingekuwa takataka za kielektroniki. Hata hivyo kuna mambo mawili lazima uyapokee kwa moyo mmoja.

La kwanza ni masasisho. Kila macOS inapojisasisha, mafaili ya mfumo yanarudi kama Apple ilivyoyatoa, viraka vinafutika, na Wi-Fi inapotea tena. Programu yenyewe huleta ujumbe kwamba imegundua mashine inaendeshwa bila viraka na inaomba kuvirudisha. Unakubali, unawasha upya, imekwisha. Lakini siku hiyo utahitaji tena kebo au iPhone pembeni. Halafu kuna gharama ya bando: kwa sababu mfumo umeguswa, mashine haipati tena masasisho madogomadogo, inashusha mfumo mzima, zaidi ya GB 10 kwa mpigo. Kwa anayenunua bando la wiki hilo ni pigo. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye mipangilio, uyafanye mwenyewe siku ambayo una intaneti ya kutosha na hakuna mteja anayesubiri.

La pili ni usalama. Ili viraka vikae, sehemu ya ulinzi wa mfumo uitwao SIP inalegezwa. Nimepima nikaona kwangu ni afadhali mfumo mpya wenye marekebisho na ulinzi uliolegezwa kidogo kuliko Catalina iliyoachwa kabisa, ila siweki programu zisizojulikana asili yake kwenye mashine hii, na vijana wanaonisaidia dukani wanalijua hilo. Ofisi inayotunza siri za watu wengi, hospitali kwa mfano, ingefaa inunue mashine inayokubaliwa kirasmi.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisingebaki Ventura, ambako Wi-Fi ya BCM4360 haihitaji kiraka. Ni swali zuri, na mwenye iMac anayetaka tu barua pepe na kivinjari, asiye na njia yoyote ya kupata kebo, ningemwambia aende huko. Picha zitahitaji kiraka hata huko, lakini atakuwa mtandaoni muda wote wa kukibandika. Mimi nilitaka toleo lenye umri mrefu zaidi mbele yake. Wanaofikiria Linux nao wajue kwamba kadi hii hii inadai draiva ya Broadcom ya kuongezwa kwa mkono kwenye Linux nyingi, kwa hiyo suala la kebo halikwepeki huko pia.

Sequoia, macOS iliyofuata baada ya Sonoma, inakubalika kuanzia toleo la 2.0 la programu hii, na kwa picha za Haswell kuna kifurushi kingine cha kupakua wakati wa kubandika viraka. Nitahamia huko. Kebo ya mita kumi nimeshanunua yangu, na tundu moja la rauta mpya ya ofisi limeachwa wazi kwa ajili ya iMac.