Mwaka mmoja na Catan pale South C, Nairobi: uzoefu wangu

Sanduku hili la Catan, mchezo wa mezani, nililinunua shilingi 7,500 katika duka moja la ghorofani katikati ya jiji, pahali ambapo usipoelekezwa huwezi kupajua. Mume wangu aliponiuliza bei nilimjibu, "Nimepunguziwa." Si uongo, maana muuzaji alianzia 8,200, ila silo aliloniuliza. Kwa pesa hizo ungejaza mtungi mkubwa wa gesi mara mbili na chenji ikabaki. Na kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, nimengoja mwaka mzima ndipo niandike.

Ndani mna vigae 19 vya pembe sita ambavyo hupangwa upya kila mchezo, vikawa kisiwa: misitu, malisho, mashamba ya ngano, vilima vya udongo wa matofali, milima ya mawe, na jangwa moja lisilozaa kitu. Kila kigae, jangwa kando, huwekewa namba. Mnajenga vijumba kwenye pembe za vigae, dadu mbili zinatupwa, na namba ikitoka kila mwenye nyumba hapo anachukua karata ya mali yake (mbao, kondoo, ngano, tofali au mawe), hata kama aliyetupa ni mwingine. Wa kwanza kufikisha alama 10 ameshinda. Sheria zilizobaki utazisoma mwenyewe.

Langu lilikuja na upungufu. Barabara moja nyeupe haikuwamo, na niliporudi dukani nikaambiwa sanduku likishafunguliwa halirudi. Basi kwetu mweupe ana barabara 14 na njiti moja ya kiberiti iliyokatwa kichwa. Mwanangu hiyo rangi haigusi.

Kwa nini basi sijuti? Kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi ameuza mitumba Gikomba tangu mimi sijaja Nairobi. Jumamosi ya kwanza alipotukuta mezani alikisukuma kando kile kitabu cha sheria. "Hayo someni nyinyi. Mimi niambieni kinauzwa nini, na nani hana." Kufikia mchezo wa tatu alikuwa na alama 9 na mimi 7. Ilikuwa zamu yake. Akanitazama mkono, si uso.

"Mwanangu, una karata tisa hapo."

"Ndiyo, shangazi."

"Saba ikianguka sasa hivi kwa huyu anayefuata?"

Saba ndiyo namba ya mwizi. Ikitoka, kila aliye na karata zaidi ya saba anatupa nusu. Kwa tisa zangu ningetupa nne.

"Kondoo wako hao wamekuwa wengi, watakufia. Nipe watatu, nikusaidie na tofali moja. Tisa toa tatu, ongeza moja, unabaki na saba. Mwizi hana neno na mwenye saba."

Hesabu ilikuwa sahihi, tena ya huruma. Nikampa. Alikuwa amebakiwa na tofali jingine na ngano moja, na upande wa pili wa kisiwa alikuwa na bandari inayobadilisha kondoo wawili kwa kitu chochote. Kondoo wawili wakapanda meli wakarudi mbao. Tofali, mbao, ngano, na yule kondoo wa tatu: hiyo ni nyumba. Alama ya 10. Akaomba chai.

Usiku ule nilikaa nikijihesabia upumbavu wangu. Katika michanganyiko 36 ya dadu mbili, saba hutoka mara 6. Yaani kulikuwa na nafasi tano katika sita kwamba sitapoteza chochote, nami nikauza ushindi kwa hofu ya ile moja. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika jambo hili mwaka 1979: uchungu wa kupoteza kitu hushinda utamu wa kupata kitu cha thamani ileile. Tofali lile sikulihitaji. Nilinunua usingizi. Shangazi hajawahi kuwasikia mabwana hao, ila ameishi mjini kwa kujua hivyo, na kila anayemwambia mteja "hii ndiyo ya mwisho, usiku utaijutia" anajua pia.

Ninaufananisha mchezo huu na Monopoly, ule wa kununua mitaa na kutozana kodi, kwa sababu ndio tuliolelewa nao nyumbani Mombasa, na sikumbuki hata mara moja uliomalizika kwa amani. Kaka yangu aliwahi kuubinua ubao mzima chini ya kochi, na noti mbili za rangi ya waridi hazikuonekana tena. Tulidhani kasoro ni yake. Kumbe uchungu ule ulitiwa humo makusudi. Mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya mchezo wake wa wenye ardhi mwaka 1904. Alikuwa mfuasi wa Henry George, aliyetaka ardhi itozwe kodi badala ya jasho la watu, na akatunga sheria za aina mbili: moja ambayo utajiri ukizaliwa kila mtu anafaidi, nyingine ambayo mmoja anawameza wote. Alitaka watu waone tofauti kwa macho yao. Watu wakaipenda ile ya kumezana. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliuchapisha kwa jina la Monopoly kama ubunifu wa Charles Darrow, ambaye alitajirika, na Magie akalipwa dola 500 kwa hataza yake. Sijui kama kuna mchezo mwingine ambao hadithi ya kuuzwa kwake inafanana hivyo na sheria zake.

Kosa la Monopoly mezani, kwa mtu aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba halisi tarehe tano, ni kwamba anayefilisika anatoka. Saa moja umekaa kando unakula karanga ukiwatazama wengine wakitajirika. Klaus Teuber, fundi wa meno bandia huko Ujerumani aliyekuwa akibuni michezo baada ya kazi, hakumtoa mtu. Catan yake ilitoka 1995 na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Spiel des Jahres, ambayo kwa Wajerumani ndiyo mchezo wa mwaka. Humo huwezi kumbomolea mtu nyumba. Unaweza kumziba njia, kumpelekea mwizi, kumnyima kondoo, basi. Aliye nyuma kabisa bado anavuna dadu ya mwenzake ikimwangukia, na bado wa mbele wanamhitaji kwa tofali lake. Mwanangu wa miaka 11 hushindwa karibu kila wiki, na ndiye anayelitoa sanduku kabatini.

Baba mkwe ndiye hakuridhika. Yeye ni mtu wa bao, bao la kete 64 na mashimo 32, ambamo kila kitu kiko wazi mbele yenu wawili na hakuna dadu wala karata ya kuficha. Alipokuja Nairobi kumwona daktari tulimkaribisha mezani.

"Baba, karibu ujaribu."

"Mchezo wa kurusha mifupa ni wa watoto," akasema, kisha akakaa.

Alijenga kwa akili, pembeni mwa namba nane, ambayo pamoja na sita ndizo zinazotoka mara nyingi baada ya saba: nafasi 5 katika 36. Dadu zikatupwa mara kumi na mbili, nane haikuonekana. Mzee akaanza kuzitikisa kwa nguvu, akazirusha mpaka zikagonga sahani ya mahamri. Mwanasosholojia wa Marekani James Henslin aliwachunguza madereva wa teksi wa St. Louis wakicheza kamari ya dadu, akachapisha mwaka 1967 kwamba wakitaka namba ndogo hurusha polepole, wakitaka kubwa hurusha kwa kishindo. Nilitabasamu nikaangalia pembeni, mkwe hachekwi. Lakini dadu haikuwa imemwonea. Nane kukosekana mara kumi na mbili mfululizo hutokea kama mara moja katika kila sita, kwa hiyo ni mkosi wa kawaida tu, kama kukuta matatu imejaa.

Akasema, "Mmeona? Bahati!" Akaondoka mezani akiwa na amani kuliko mtu aliyefungwa bao, kwani anayefungwa bao hana wa kumlaumu. Nadhani ndiyo sababu vijana wengi hulikimbia bao baada ya siku mbili, na mimi ni mmoja wao. Marehemu babu alinifunga kwa miaka mitatu bila kusema neno. Hapa mshindi husema ni akili, mshinde husema ni dadu, na wote wawili hurudi Jumamosi.

Kasoro zipo. Mkiwa wawili usilinunue, linataka watatu au wanne, na wa tano anataka sanduku la nyongeza ambalo bei yake inakera. Dakika tano za kwanza, mnapochagua pa kuweka nyumba mbili za mwanzo, zinaweza kukuharibia saa moja na nusu zinazofuata, na mgeni hajui mpaka amechelewa. Mwambieni akae karibu na namba nyekundu, yaani sita na nane. Kitabu cha sheria ni cha Kiingereza kitupu. Karata ni laini, zimeanza kunyonya chai. Stima zikipotea, mkaendelea kwa mshumaa kama sisi mwezi wa nne, nyumba za machungwa na nyekundu zinafanana kabisa, na mume wangu akaikuza nyumba yangu kuwa mji akidhani ni yake. Hilo la mji bado tunabishana.

Kama una mtu mwenye nalo, liazime kwanza, mcheze mara tatu. Mara ya kwanza haihesabiki, mtakuwa mkiulizana sheria. Na ukiona shangazi ameanza kukuhesabia karata, usimpe kondoo.

Nyota nne. Ya tano wakinipa barabara yangu.