SortableJS: uzoefu wangu wa kadi zinazoburutika, kwa kipanya na kwa kidole

Kwa orodha ambayo mtumiaji anatakiwa kuipanga mwenyewe, SortableJS ndiyo maktaba ya JavaScript ninayoishika kwanza. Ni ya bure chini ya leseni ya MIT, haitegemei maktaba nyingine kama jQuery, na mistari mitatu ya msimbo inatosha kadi zianze kuburutika. Ila mistari hiyo ni nusu tu ya kazi. Ukiiacha ilivyo, mwenye simu atashika kadi kila anapotaka kuskroli, mwenye kibodi hatapanga chochote, na ukurasa ukipakiwa upya mpangilio wote umepotea. Maktaba inahamisha elementi, yaani vipande vya HTML, ndani ya ukurasa. Yaliyobaki ni yako.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie tu uwezo wa kuburuta uliomo kwenye kivinjari. Uwezo huo una asili yake katika Internet Explorer 5 ya mwaka 1999, na tabia zake nyingine zinachosha. Kivinjari huchukulia kwamba sehemu yoyote ya ukurasa inakataa kupokea kitu hadi uiruhusu. Usipoita `preventDefault()` kwenye `dragover` (kitu kinapopita juu ya sehemu hiyo), tukio la `drop` (kudondosha) halitokei kabisa, wala konsoli haiandiki kosa lolote. Tukio la `dragleave` (kitu kinapotoka) nalo linapiga kila kipanya kinapoingia juu ya elementi ya ndani, ndiyo maana rangi ya sehemu ya kudondoshea huwakawaka bila mpangilio. Ukijaribu kusoma data kwa `getData()` wakati wa `dragover`, unapata maandishi matupu; zinasomeka kwenye `drop` tu. SortableJS inakufichia karibu yote haya, na kwenye skrini ya mguso inatumia njia yake yenyewe ya kufuata kidole.

Mipangilio ninayoanza nayo ni hii:

```
new Sortable(orodha, {
  group: 'kazi',
  draggable: '.kadi',
  handle: '.kishikio',
  animation: 150,
  onEnd: hifadhi
});
```

Kishikio ndicho uamuzi mkubwa kuliko yote. Bila `handle`, kadi nzima ni mahali pa kushika, na kwenye simu kidole kilekile kinachoskroli ndicho kinachoburuta. Kishikio pembeni mwa kadi kinamaliza ugomvi huo. Kipe `touch-action: none` ili kivinjari kisidhani unataka kuskroli, na `user-select: none` ili kubonyeza kwa muda mrefu kusichague maandishi. Safari ya simu inataka pia `-webkit-user-select: none`. Ukubwa nao una maana: WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, katika ngazi ya AA, inataka eneo la kubonyeza liwe angalau pikseli 24 kwa 24, ikiwa na misamaha michache, lakini kwa kidole kinachopaswa kushika na kuvuta mimi nashauri 44. Picha ya vidoti sita inayoonyesha kishikio inaweza kubaki na pikseli 16. Iongezee `padding` tu.

Kama muundo hauna nafasi ya kishikio, njia ya pili ni kuchelewesha: `delay: 200` pamoja na `delayOnTouchOnly: true`, ili kipanya kisicheleweshwe. Hapo usisahau `touchStartThreshold`, umbali ambao kidole kinaruhusiwa kusogea. Thamani yake ya kawaida ni ndogo mno, yaani kidole kikitikisika kidogo tu wakati wa kusubiri, kuburuta kunafutwa. Vidole vyote hutikisika. Weka 3 hadi 5.

Mtego mwingine uko kwenye `filter`, ambayo huzuia baadhi ya elementi zisiburutike. Watu huiwekea visanduku vya kuandikia, kisha wanashangaa kwamba kisanduku hakikubali kubonyezwa. Sababu ni `preventOnFilter`, ambayo kwa kawaida ni `true` na huzuia tukio zima la mbonyezo. Iweke `false`, kisanduku kitafunguka.

Kwenye ubao wenye safu kadhaa, safu zote zikiwa na `group` moja kadi zitahama kati yake bila shida, mpaka safu moja ibaki tupu. Safu tupu isiyo na urefu haina mahali pa kulenga, kwa sababu `emptyInsertThreshold`, umbali ambao kadi lazima iukaribie ili safu tupu iipokee, ni pikseli 5 tu. Dawa ni CSS: `min-height` ya pikseli 60 au zaidi. Kwa orodha zilizo ndani ya orodha, weka `fallbackOnBody: true` na `swapThreshold: 0.65`. Ukiiacha `swapThreshold` kwenye thamani yake ya kawaida ya 1, kadi hubadilishana nafasi mapema mno na huwezi kuiingiza ndani ya nyingine.

Sasa kuhifadhi, ambako ndiko makosa mengi yanakojificha. `onEnd` hupiga kila kuburuta kunapokwisha, hata kadi ikirudi palepale, kwa hiyo linganisha `evt.from` (orodha ilikotoka) na `evt.to` (orodha ilikofika) pamoja na nafasi kabla ya kusumbua seva. Na nafasi yenyewe ichukue kutoka `oldDraggableIndex` na `newDraggableIndex`. `oldIndex` na `newIndex` huhesabu pia watoto wasioburutika, hivyo kichwa cha safu kikiwa ndani ya elementi ileile, kila nafasi itapishana kwa moja na utajikuta unahifadhi kadi jirani.

Upande wa hifadhidata, orodha fupi haina haja ya ujanja: tuma vitambulisho vyote kwa mpangilio wake, kama `toArray()` inavyovirudisha kutoka kwenye `data-id`. Orodha ndefu ndiyo inayonufaika na namba kamili zenye nafasi katikati: 1000, 2000, 3000. Kadi ikiingia kati ya mbili za kwanza inapewa 1500, na unaandika mstari mmoja tu wa jedwali. Lakini mtu akiendelea kudondosha kadi mpya mara baada ya ile ya 1000, utapata 1500, 1250, 1125, 1062, 1031, 1015, 1007, 1003, kisha 1001. Hizo ni kadi 9. Ya 10 haina pa kukaa, kwa hiyo msimbo wa kupanga namba upya lazima uwepo tangu siku ya kwanza.

Seva ikikataa, rudisha mpangilio wa mwisho uliothibitishwa kwa `sort(mpangilio, true)`. Hiyo `true` ni ya mwendo laini, ili mtumiaji aone kadi ikirudi badala ya kuruka ghafla. Na mtu akiburuta mara mbili haraka, ombi la pili linaweza kufika kabla ya la kwanza. Yapange kwa foleni, au uyape namba ya toleo.

Wanaotumia React, maktaba inayochora ukurasa yenyewe kutokana na data, wawe waangalifu zaidi. SortableJS inahamisha elementi halisi bila kuiambia React, na React ikija kufuta elementi isiyoikuta ilipoiacha, inatupa kosa la `removeChild`. Ndani ya `onEnd`, rudisha kwanza elementi ilikokuwa, kisha badilisha data, na uiachie React ichore. `key` iwe kitambulisho cha kadi, kamwe isiwe namba ya nafasi.

Pengo kubwa la maktaba hii ni kibodi: haina njia yoyote ya kupanga bila kuburuta. Kipengele cha 2.5.7 cha WCAG 2.2 kinadai kwamba kila kinachofanyika kwa kuburuta kifanyike pia kwa kubonyeza tu. Mishale ya kibodi peke yake haitimizi hilo, kwa kuwa haimsaidii mtu anayetumia kidole au kipanya lakini mkono wake hauwezi kuvuta. Vitufe vya Juu na Chini ndani ya kila kadi vinawafaa wote. Baada ya kuhamisha kadi, rudisha fokasi (mahali kibodi inapofanyia kazi) kwenye kitufe kilekile kwa `focus()`, maana elementi ikihamishwa fokasi hupotea. Kadi ikifika juu kabisa, usikizime kitufe kwa `disabled`, kwa sababu fokasi itapotea tena, tumia `aria-disabled`. Kisha eneo la `aria-live="polite"` limwezeshe msomaji-skrini wa wasioona kutamka matokeo: «Kadi ya malipo, nafasi ya 2 kati ya 8». `aria-grabbed` na `aria-dropeffect`, ambazo bado zinaonekana kwenye mifano ya zamani, zimeshaachwa tangu toleo la 1.1 la ARIA, kiwango cha sifa hizi za `aria-`.

Nisingeitumia kwa vitu vinavyowekwa popote kwenye turubai. Huko matukio ya `pointer` na `setPointerCapture()` yanafaa zaidi. Kupokea mafaili kutoka kwenye folda ni kazi ya `drop` ya kivinjari na `dataTransfer.files`. Wala siiweki kwenye orodha ya maelfu ya mistari inayochora sehemu inayoonekana tu, kwa sababu inapanga elementi zilizomo kwenye ukurasa, na mstari ambao haujachorwa kwake haupo.