Bastola ya kubeba kila siku: anza na mpini, si mtutu

Anayenunua bastola yake ya kwanza ya kubeba kwa kificho huuliza kwanza urefu wa mtutu. Simlaumu, maana ikiwa kwenye kabati la kioo, mtutu ndio unaovuta macho. Ila ukishaivaa kiunoni, ndani ya suruali, mtutu huzama chini ya mkanda na hakuna anayeuona. Kinachokuumbua ni mpini. Huo hubaki juu ya mkanda, na ukiinama kufunga kamba za viatu, ncha yake husukuma shati kama kiwiko. Mtutu mrefu kidogo hata husaidia, kwa kuwa sehemu ya chini inapokandamizwa na nyonga, mpini huegemea mwilini.

Kwa hiyo nimepanga orodha hii kwa mambo matatu: mpini, unene, na kama mwenyewe atakubali kwenda nayo mazoezini. Naandikia mwenye leseni na ruhusa ya kubeba. Hivyo ni vitu viwili: kuna nchi zinazokuruhusu kumiliki lakini kuificha kiunoni ni kosa.

1. Nyembamba, yenye mpini wa kutosha mkono mzima. Hapa nitaonekana najipinga, kwa sababu mpini mrefu ndio nimetoka kuulaumu. Lakini ukiwa mwembamba hulala ubavuni bila kutunisha nguo. Mfano mzuri ni Glock 43X ya mwaka 2019: mtutu wa mm 87, unene usiofika mm 30, risasi 10. Njia ilikuwa imeshafunguliwa mwaka mmoja kabla na SIG Sauer P365, iliyoingiza risasi 10 za 9 mm (kipimo cha upana wa risasi) katika umbo ambalo kabla yake tulizoea kupata 6 au 7. P365 hujificha vizuri zaidi, ila ukiweka magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini) yenye kitako bapa, kidole cha mwisho cha watu wengi hubaki hewani. Jaribu zote mbili mkononi kabla ya kumsikiliza yeyote, mimi nikiwemo.

2. Ya kati. Glock 19 ndiyo kipimo ambacho nyingine hulinganishwa nacho: mtutu wa mm 102, risasi 15, unene wa mm 34. Ikijaa hupita gramu 800, na mkanda laini utalegea kabla ya jua kutua. Ni rahisi kulenga nayo, na kama utamiliki bastola moja tu ya nyumbani na ya kiunoni, ipandishe iwe namba moja. Imeshuka kwangu kwa sababu ya unene tu, na mwenye mwili mpana huenda asiuhisi.

3. Rivolva ndogo, yaani bastola ya silinda inayozunguka. Smith & Wesson wanaunda umbo hili la risasi tano tangu 1950. Model 642 ina uzito wa kama gramu 415, nyundo yake imefichwa ndani isinase kwenye nguo, na mpini wake wa mviringo hupotea mfukoni. Shida ni kifyatulio: kukivuta kunahitaji nguvu ya kilo tano hivi, nzito kwa mara kumi na zaidi kuliko bastola yenyewe. Bila mazoezi, risasi huenda pembeni au chini, na una tano tu.

4. Ya mfukoni. Ruger LCP ilipotoka mwaka 2008, yenye risasi 6 za .380 (aina fupi kuliko ile ya 9 mm) na uzito usiofika gramu 280, wengi tuliona jibu limepatikana. Niliwahi kuwa na ya namna hiyo. Nilifyatua magazini mbili, nikaifuta, nikairudisha kwenye kasha, na kila wiki nikawa na udhuru mpya wa kutokwenda uwanjani. Teke la risasi ileile huongezeka kadiri bastola inavyopungua uzito. Uzito ukipungua kwa nusu, nishati inayorudi mkononi huwa kama mara mbili. Halafu kuna hesabu ya kulenga. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ukiwa mm 150, kosa la milimita moja huipeleka risasi kama mm 47 pembeni, shabaha ikiwa mita 7. Ukiwa mm 100, kosa lilelile huwa mm 70. Ndiyo maana nashangaa kila ninapoona muuzaji akimkabidhi mwanafunzi, hasa mwanamke, kijibastola kidogo kuliko vyote dukani eti mkono wake ni mdogo. Hiyo ni bastola ya mzoefu, ya kuongezea nyingine.

5. Kubwa kamili. Beretta 92FS ina mtutu wa mm 125 na uzito wa karibu gramu 950 ikiwa tupu. Ni raha uwanjani. Kiunoni, chini ya shati moja, hapana.

Tenga sehemu ya fedha yako kwa ajili ya ala, yaani mfuko wa kuivalia bastola. Iwe ngumu, ifunike kifyatulio chote, na mdomo wake usijikunje bastola ikitoka. Ngozi ya ala iliyolegea inaweza kuingia mbele ya kifyatulio wakati unairudisha bastola, ikakisukuma na risasi ikatoka. Ya mfukoni nayo inahitaji ala yake, na mfuko huo usiwe na funguo wala sarafu. Ukifika nyumbani, kasha la kufungwa kwa kufuli, hasa penye watoto.

Kabla ya kulipa, omba kuivaa ikiwa tupu, chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) ikaguliwe nawe na muuzaji. Kaa kwenye kiti kifupi. Inama. Nyoosha mkono kama unachukua kitu juu ya kabati. Ikikuchoma mbavu baada ya dakika kumi pale dukani, ndani ya mwezi mmoja itakuwa inabaki nyumbani.